Naomba ushauri: DNA ya ndege wa Taita imekatikakatika, nifanyeje?

Habari zenu wakuu. Niko kwenye utafiti wa uzamili, nataka kusoma na kuunga jenomu nzima (DNA yote) ya Turdus helleri, yule ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa anayepatikana Milima ya Taita pekee. Tulinasa jike mmoja kwa wavu, nikamtoa tone la damu kwenye mshipa wa bawa, nikalihifadhi kwenye ethanoli. Seli nyekundu za ndege zina kiini, kwa hiyo DNA ni tele. Shida ni kwamba nilipoipitisha kwenye jeli ya kupimia urefu wa vipande vya DNA haikukaa mstari mmoja juu, imetapakaa kama moshi hadi chini.

Nilitegemea mashine za kusoma vipande virefu, maana ndege wana kromosomu ndogondogo nyingi, na jike ana W, kromosomu ya jinsia ambayo dume hana, iliyojaa sehemu za DNA zinazojirudia. Je, niendelee na hiyohiyo kwa vipande vifupi, au nirudi msituni? Ndege hawa wako hatarini kutoweka, naumia sana kumshika mwingine bure. Nikirudi, damu niigandishe kwa naitrojeni ya kimiminika palepale? Na nichukue dume au jike? Aliyewahi kuifanya kazi hii anisaidie, kibali changu kinakwisha mwezi ujao.