Mjadala: Dodoma kuachwa nje ya "Twende na Wakati" 1993 hadi 1995, tulionewa au ilikuwa lazima?

Mtoto wa Kizota

Mbukwenyi wana Dodoma. Juzi kijiweni Majengo nilirusha swali hili, tukabishana mpaka kahawa ikapoa. Nalileta hapa.

Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa, mara mbili kwa wiki. Wa rika langu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu. Ndani ya vituko vile kulikuwa na somo la uzazi wa mpango na UKIMWI. Mikoa mingine ikasikiliza. Sisi mtambo wetu ulirusha mambo mengine muda huo, hadi 1995. Haikuwa hitilafu. Watafiti, akiwemo Mmarekani Everett Rogers, walitaka eneo lisilousikia ili walilinganishe na kwingine.

Hoja yangu ni hii: 1993 ARV hazikuwepo huku kwetu. Kinga ilikuwa kujua. Unaachaje mkoa mzima gizani miaka miwili ili upate hesabu nzuri? Na sisi tuliulizwa lini?

Mwalimu mstaafu, Kongwa

Kijana, punguza moto. Unazungumza kama vile 1993 tayari ilijulikana kwamba mchezo wa redio unabadilisha tabia za watu. Haikujulikana. Ndiyo sababu ya kupima.

Nikurudishe nyuma. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa sinema kule Vugiri, milima ya Usambara, chini ya Meja Notcutt na Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Walitengeneza filamu 35, nyingine za safura, nyingine za kulipa kodi (eti na hiyo ni elimu!), sauti ikitoka kwenye santuri, wakazizungusha kwa lori Afrika Mashariki na kusini zaidi. Matokeo waliyajuaje? Walitazama umati, wakasikiliza nani kacheka wapi, wakaandika wanavyoona wao. Mwaka 1939 Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni, akakiongoza William Sellers aliyetoka Nigeria, akaweka kanuni: Mwafrika aonyeshwe picha polepole, bila hila za kamera, maana hataelewa. Ushahidi? Visa. Kile cha mbu, kwa mfano: mbu kakuzwa kwenye pazia, watazamaji eti wakasema wa kwao ni wadogo hivyo hawana shida. Kikasimuliwa kutoka koloni hadi koloni. Hakuna aliyekwenda kuwauliza wale watu kama walikuwa wanatania.

Miaka mingi tumeitwa wajinga kwa sababu hakuna aliyepima. Sasa aliyepima unamlaumu?

Nesi wa Mpwapwa

Shikamoo mwalimu. Mbu nimemwelewa, ila kuna kupima na kupima. Mtu ni Afya, ile kampeni ya afya ya redioni ya 1973, ilikuwa na wasikilizaji kama milioni mbili kwenye vikundi, wiki kumi na mbili, malaria, kichocho, kuhara. Hakuna mkoa ulioambiwa ukae pembeni. Walihesabu vyoo kabla, wakahesabu baada.

Mwaka 1994 nilikuwa zahanati, sitaitaja. Akaja mama kutoka Morogoro, mumewe utingo, akawa anawaambia wenzake kwenye benchi, "Wangu kageuka Mkwaju kabisa." Wa kwetu wakatazamana. Mmoja akauliza, "Mkwaju upi, ule wa kule mtoni?" Walidhani anasema mti. Tukacheka wote, na mimi nikacheka. Baadaye nikawaza kwamba mama yule alikuwa amepata neno la kuusema ugonjwa wa nyumbani kwake mbele ya watu bila kuona haya. Wetu hawakuwa nalo. Bango la ukutani, hata lingekuwa kubwa vipi, halikuwapa.

Mwalimu mstaafu, Kongwa

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye benchi umenipata, sikatai. Lakini hivyo vyoo vya 1973! Nilikuwa kiongozi wa kikundi, kitabu mkononi, redio juu ya stuli. Ni zama zilezile za kuhamishiwa vijijini. Mtu akichimba choo, kachimba kwa sababu ya redio au kwa sababu ya mtendaji? Ukihesabu kabla na baada tu, hutajua. Ungehitaji kijiji chenye mtendaji lakini kisicho na redio. Yaani ungehitaji Dodoma.

Fundi Redio, Kondoa

Nyie wasomi mnasahau betri. Nimetengeneza redio tangu enzi hizo. Nusu ya wateja betri walizianika juani kwenye bati ili zipate siku mbili zaidi, na hizo siku mbili waliziweka kwa taarifa ya habari na mpira. Msihesabu kila mwenye redio kuwa msikilizaji. Halafu barabara ipo: madereva wa lori, ambao ndio mchezo ulikuwa unawasema, walilala Morogoro leo, Dodoma kesho. Mtambo ulimzuia mama aliyebaki nyumbani. Mkwaju mwenyewe aliusikia njiani.

Mtoto wa Kizota

Fundi umenimalizia hoja. Aliyezuiwa ni yule asiyesafiri.

Mwalimu, narudi nyuma hatua moja: nakubali walihitaji eneo la kulinganisha, na nakubali 1995 tuliletewa mchezo. Nisichokubali ni miaka miwili. Miezi sita isingetosha? Na kama ni lazima mkoa mmoja ukose, mbona hawakuuacha ule zilimo ofisi zao?

Mwalimu mstaafu, Kongwa

Kwa sababu Dar mtambo ukizimwa nusu saa, simu zinalia. Huku nani angepiga?

Nesi wa Mpwapwa

Basi mwalimu, si umeshajibu swali la kijana.