Mafundi umeme wa magari, acheni kupiga ramli kwa mashine! 1,200,000 imeteketea, kumbe ni waya wa eathi

Wakuu, nimejizuia wiki nzima nisiandike nikiwa na hasira, nimeshindwa. Acha niandike hivi hivi.

Gari langu ni dogo la Kijapani la mwaka 2010. Mwezi wa tatu lilianza kuvujisha oili kati ya injini na gia boksi, nikalipeleka gereji moja hapa Dar. Wakashusha gia boksi, wakabadilisha sili, wakarudisha. Siku tisa baadaye, usiku, mvua inapiga, nipo Ubungo na watoto ndani: taa ya ABS ikawaka, ya injini ikawaka, mishale ya dashibodi yote ikalala, gari likazima katikati ya malori. Baada ya dakika kumi likawaka kama vile hakuna kilichotokea.

Asubuhi nikarudi palepale. Kijana akachomeka mashine ya kusoma hitilafu chini ya usukani, ikatoa kodi mbili za hitilafu, P0335 na U0100. Hakufungua boneti. Narudia, hakufungua boneti! "Bosi, sensa ya krenki, ile inayosoma mzunguko wa injini, imekufa." 160,000. Siku nne, likazima tena.

Safari ya pili wakasema alteneta haichaji vizuri, 240,000. Ya tatu ndiyo iliyoniua: "Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imekufa, haiwasiliani na wenzake." Wakaleta la mtumba kutoka mtaa wa Gerezani, 650,000. Lilipofungwa gari halikuwaka kabisa, kwa sababu boksi la gari jingine halitambui funguo zako. Hilo walilijua kabla ya kupokea pesa yangu, lakini nikaambiwa baada ya kulipa. Kuoanisha funguo, 150,000. Jumlisheni wenyewe.

Na likazima tena. Usiku. Kwenye mvua.

Aliyelitengeneza ni mzee mmoja wa Tabata, hana hata bango. Kabla ya kushika chochote aliniuliza maswali ambayo hakuna aliyeniuliza kwa miezi miwili. Linazima saa ngapi? Ukiwa umewasha nini? Kabla ya tatizo kuanza, gari lilifanyiwa kazi gani? Nikamjibu: usiku, taa, waipa na AC vyote vimewashwa, na kabla ya hapo lilishushwa gia boksi. Akatikisa kichwa, akachukua mita yake ya kupimia umeme, waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini. "Piga stata." Ikasoma volti 1.9. Mahali hapo, akasema, ikizidi nusu volti ujue kuna shida, na ikiwa safi hata 0.2 haifiki.

Akaingia chini na tochi. Waya mnene wa eathi, ule wa kurudishia umeme kwenye betri, unaotoka betri kwenda kwenye gia boksi, ulikuwa umerudishwa juu ya kutu, bolti imeshikwa kwa vidole tu. Msasa, bolti ikakazwa, mita ikasoma 0.1. Akataka 20,000. Huu ni mwezi wa pili tangu siku hiyo, mvua zote zimepita, gari halijazima hata mara moja.

Nimeelezwa na nimeelewa. Kontroli boksi linachukua eathi yake kwenye injini, dashibodi na vingine vinachukua kwenye bodi ya gari. Waya huo ukilegea, umeme wa alteneta unatafuta njia kwenye vijiwaya vyembamba, na kadiri unavyowasha vitu vingi ndivyo injini na bodi vinavyopishana volti. Hapo maboksi hayasikilizani tena. Ndiyo hiyo U0100! Boksi halikuwa limekufa. Na P0335 haisemi sensa imekufa, inasema sakiti ya sensa ina hitilafu. Sakiti ni sensa, waya zake, soketi yake, moto wake (umeme unaoingia) na eathi yake. Mashine inakuonyesha mtaa. Nyumba unatakiwa kuitafuta mwenyewe kwa mita.

Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504. Iliwahi kutuzimia mlima Kitonga, mimi nikiwa darasa la tano. Alifungua distributa, akasugua platina, vile vidude vya kukata na kuunga umeme wa plagi, kwa kipande cha msasa, akarudishia, tukaendelea na safari ya Iringa. Sisemi zile zilikuwa bora. Zilikunywa mafuta, na platina zilikuwa zinaisha kila mara. Ila swichi ya taa ilikuwa na waya unaopita kwenye fyuzi na kuishia kwenye balbu; ukishika taa ya kupimia unafuata moto hadi unapoishia. Magari mengi ya sasa swichi haiwashi taa, inaliomba boksi liwashe, na maboksi yanaongea kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Sawa, ni kazi ngumu zaidi, nakubali. Lakini hata hizo nyaya zinapimika! Chomoa betri, weka mita pini ya 6 na ya 14 kwenye lile tundu la mashine, isome ukinzani wa karibu omu 60, kwa kuwa kila mwisho wa nyaya hizo kuna rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 120. Dakika tano. Fundi anayenunua mashine ya mamilioni anashindwaje kununua mita?

Na wengine wenu mnatoboa waya za sensa kwa taa ya kupimia ya balbu, ile ile ya enzi za 504. Balbu inavuta mkondo mkubwa kuliko ambao sakiti za boksi zimetengenezwa kubeba. Mnaua boksi zima halafu mnamuuzia mwenye gari jingine.

Wenye magari, msikubali kulipia spea ya umeme kabla hamjaonyeshwa kipimo. Volti ngapi betri ikiwa imepumzika? Ngapi injini ikinguruma? Ngapi kati ya hasi na injini stata ikizunguka? Akikwambia "mashine imesema", ondoka.

Sasa kilichobaki ni boksi langu. Lile la kwanza, lililokuwa zima. Nimelidai mara mbili, mara ya kwanza wakasema limetupwa, mara ya pili wakasema lilichukuliwa na aliyeuza la mtumba kama sehemu ya biashara. Biashara ya nani, wakati mali ni yangu? Picha ya stika yake na namba zake ninayo kwenye simu, na risiti zote nne ninazo. Jumatatu saa mbili asubuhi nipo pale mlangoni. Mwenye uzoefu wa kudai kitu kama hiki, polisi au baraza la kata, anielekeze hapa chini nianzie wapi.