Pikipiki ikishachemka haiwaki mpaka ipoe. Nianzie wapi kabla sijanunua CDI?

Dereva wa Mpunguzi

Habarini wakuu. Nabeba zabibu kutoka Mpunguzi kuleta soko la Majengo, Dodoma, matenga mawili kila safari, na msimu huu nakwenda mara mbili hadi tatu kwa siku. Pikipiki ni ya Kichina, CC 125, ya kabureta, ina miaka mitatu.

Asubuhi kiki moja tu inawaka. Barabara ya Iringa yote naitembeza haina shida. Nikiizima sokoni nishushe mzigo, dakika kumi baadaye haiwaki. Napiga kiki mpaka mguu unakufa ganzi. Nikiiacha kivulini kama dakika arobaini, inawaka kama vile haikuwa na ugonjwa wowote. Wakati huo safari ya pili imeshachelewa, na zabibu zilizokatwa hazisubiri. Jumanne nilifika nazo saa tisa zimeanza kuvuja, tenga zima nikaliuza nusu bei.

Nimebadilisha plagi mara mbili, koili (inayopeleka umeme mkali kwenye plagi) mara moja, kabureta imesafishwa. Fundi wa tatu sasa anataka ninunue CDI, ile boksi ya umeme inayoamuru plagi itoe cheche, na isipokubali tufungue injini. Hela ya kubahatisha imeniishia. Naomba mtu anielekeze namna ya kulijua tatizo kwanza.

Muuguzi wa Bahi

Pole sana kaka. Mimi nazungukia vijiji kwa pikipiki na ilishanitesa. Yangu ilikuwa kitundu cha mfuniko wa tanki, kilizibwa na vumbi. Tanki likikosa hewa petroli haishuki. Siku ikigoma fungua mfuniko, ukisikia inavuta hewa kwa nguvu halafu ikawaka, umepata. Ila yangu ilikuwa inazimika ikiwa inatembea, na yako hujasema hivyo. Jaribu tu, haigharimu kitu.

Fundi wa Chang'ombe

Mdogo wangu, CDI usinunue bado. Ni kweli koili na CDI huwa zinakufa kwa joto, lakini lazima tuone kwa macho kwamba zimekufa. Kinachowaponza wengi ni hiki: pikipiki inagoma sokoni, inakokotwa hadi gereji, inafika imeshapoa. Fundi anapiga kiki, inawaka, basi anabaki kukisia na wewe unabaki kununua. Ugonjwa wa joto unapimwa palepale ilipogoma, ikiwa bado ya moto. Tembea na spana ya plagi na kitambaa kizito.

Ikigoma, usifungue kitu kwanza. Kanyaga kiki polepole usikilizie uzito wake. Ni nzito kama ya asubuhi, au imekuwa nyepesi?

Halafu toa plagi uangalie ncha yake, imelowa au kavu. Irudishe kwenye kofia ya waya, chuma chake kiguse injini, lakini mbali na tundu ilimotoka maana pale panatoka mvuke wa petroli. Mwenzio apige kiki. Cheche ya bluu yenye nguvu maana yake umeme upo. Ikikosekana, au ikiwa nyekundu hafifu, hapo ndipo tuzungumzie koili, waya za magineti (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme) na CDI. Na usipige kiki waya wa plagi ukining'inia hewani. Umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili yako mpya.

Plagi ikiwa imelowa na cheche ipo, mafuta yamezidi. Huenda floti, boya la ndani ya kabureta, haifungi, au choki imekwama nusu, au petroli imechemka ndani ya kabureta baada ya kuzima, kwa kuwa upepo wa kuipooza injini haupo tena. Hapo fungua resi mpaka mwisho, upige kiki kadhaa.

Nijibu na haya: ikiwa ya moto, ukiisukuma kwa gia ya pili inawaka? Na ukisimama kwenye mataa inanguruma yenyewe, au mpaka uishikie mafuta?

Dereva wa Mpunguzi

Fundi, nimepima leo saa nane mchana nje ya soko. Mfuniko wa tanki nimefungua, hakuna tofauti. Kiki ni nyepesi kabisa, kama nakanyaga baiskeli. Asubuhi haiko hivyo. Plagi haijalowa, cheche ni ya bluu. Ikisukumwa na watu wawili inawaka. Kwenye mataa inazima nisipoishikia mafuta.

Nimekumbuka jambo. Mwezi wa saba injini ilikuwa inagonga kwa juu, tk tk tk, nikamwomba fundi mmoja aitulize. Alifungua vifuniko vya juu akakaza kitu, ikanyamaza. Kugoma kulianza wiki hizohizo.

Fundi wa Chang'ombe

Basi hapo ndipo penyewe. Tapeti, vile vipande vya juu vinavyosukuma valvu (milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi) zifunguke, zimebanwa kupita kiasi ili zisilie. Zikikosa nafasi, injini ikishapata joto valvu haifungi hadi mwisho, kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) inavuja, ndiyo maana kiki ni nyepesi. Ukisukuma inawaka kwa sababu injini inazungushwa haraka kuliko kiki, upepo haupati muda wa kuvuja wote. Usiiendeshe hivyo siku nyingi, valvu ya ekzosi itaungua.

Ziseti asubuhi kabla hujaiwasha. Zungusha magineti mpaka alama ya T ikutane na mstari wake, tapeti zote mbili ziwe zinacheza. Zikikaza zote, zungusha duru moja nzima kabla ya kuamua, unaweza kuwa kwenye mzunguko usio wake. Pima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, usikubali fundi wa kuseti kwa sikio. Nyingi za aina yako zinataka mm 0.05 hadi 0.08. Kama una kitabu chake, fuata kitabu.

Dereva wa Mpunguzi

Tumefungua leo alfajiri. Ya ekzosi, geji ya 0.05 haikupita kabisa, hata tulipozungusha duru nyingine. Ya upande wa kabureta iliingia kwa shida. Tumeweka 0.08 zote mbili. Nimekwenda safari tatu. Sokoni mara ya kwanza kiki ya pili imewaka, na kwenye mataa haizimi tena. Kelele imerudi kidogo, naivumilia. Ila safari ya mwisho ilitaka kiki nne. Je, valvu imeshaungua?

Fundi wa Chang'ombe

Pima tena baada ya wiki, asubuhi vilevile. Nafasi ikibaki 0.08 na kiki ikabaki nzito, endelea na kazi. Ikiwa imejibana yenyewe, valvu inazama kwenye kiti chake, itabidi tufungue kichwa cha injini tuisage. Hata hivyo hiyo ni kazi ya siku moja, bloku na pistoni haviguswi.

Dereva wa Mpunguzi

Nitapima Jumapili, siku hiyo sivuni, nitaleta majibu. Dada wa Bahi, kile kitundu cha mfuniko nimekizibua kwa sindano, kilikuwa kimejaa vumbi kweli.