Re: Re: Kukoroma mpaka mke kahamia sebuleni

> Wandugu, mke wangu anasema nikilala nakoroma, halafu nanyamaza kimya kabisa kama nimekata roho, kisha nashtuka kama mtu anayezama. Ashanirekodi na simu. Mimi ni dereva wa lori hapa Uingereza, je nikienda kwa GP, daktari wa mtaa, nitanyang'anywa leseni? Mwenye uzoefu tafadhali.

Kaka pole, na shemeji mpe pole zaidi manake yeye ndo halali.

Yalinikuta hayohayo, mimi naendesha basi, na nilificha mwaka mzima kwa hofu hiyohiyo ya leseni. Sie tumekulia nyumba ambazo mzee akikoroma watu wanasema huyo kalala usingizi mtamu, kumbe ni ugonjwa, wanauita sleep apnoea, koo linajifunga, hewa haipiti, ubongo unakushtua upumue, na mchezo unajirudia usiku kucha. Umelala masaa manane lakini unaamka kichwa kinauma, mdomo mkavu, mwili kama umebeba zege. Siku nilisinzia kwenye taa nyekundu nikaamshwa na honi ya gari la nyuma, ndo nikaenda.

Leseni sasa. Hakuna anayekunyang'anya kwa kukoroma tu. DVLA, wale wa leseni, wanataka kujua ukishapimwa ukaonekana unayo hiyo sleep apnoea na mchana unazidiwa na usingizi, hapo unasimama kuendesha mpaka utibiwe ukae sawa, halafu unarudi barabarani, ila nyie wa malori mnaangaliwa kila mwaka. Kutowaambia ndo balaa, faini inafika pauni 1,000, na ukigonga mtu hiyo sio faini tena. Na kama hata sasa hivi unasinzia kwenye usukani, kaka, usisubiri kipimo, paki.

Halafu hili wengi hawalijui: ukifika kwa GP neno la kwanza mwambie kazi yangu ni udereva. Mwongozo wa 2021 wa NICE, wale wanaoandika miongozo ya matibabu huku, unasema madereva wa kazi watangulizwe. Mimi sikusema, nikaozea kwenye foleni.

Kipimo chenyewe chepesi, unapewa vidude ulale navyo nyumbani, kimoja kidoleni cha kupima oksijeni, mkanda kifuani, mrija puani. Wanahesabu pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa, kuanzia 5 ni nafuu, 15 wastani, 30 kwenda juu ni kali. Mimi nilitoka na 41!

Nikaazimwa CPAP, mashine ya kusukuma hewa kupitia maski ili koo lisijifunge, bure. Wiki mbili za mwanzo niliichukia, maski inavuja, upepo unanipiga machoni, mke anacheka eti analala na rubani. Karibu niirudishe kabatini kama wengi wanavyofanya. Kumbe maski ilikuwa sio saizi yangu na mimi nahemea mdomo, nikabadilishiwa ya kufunika pua na mdomo, basi, usiku wa tatu nikaamka sijui niko wapi kwa raha. Kwa hiyo usilaumu mashine kabla hujabadilisha maski.

Ikikushinda kabisa kuna kifaa cha meno kinachovuta taya la chini mbele. Kupunguza mwili kunasaidia kwa wanene, pombe usiku inaharibu.

---

Niongezee kwa walioko Marekani. Huku bima nyingi zinasoma data za mashine, wanataka uvae masaa 4 kwa usiku angalau asilimia 70 ya siku, la sivyo wanakata malipo. Na Desemba 2024 FDA, wale wanaoidhinisha dawa huku, walipitisha sindano ya kupunguza uzito ya tirzepatide kwa wanene wenye tatizo la wastani na kali, ila bei muulize daktari mkiwa mmekaa.

---

Asanteni sana, nimepata miadi Alhamisi. Je ukienda nyumbani Tanga unaibeba? Na mke anauliza, ina kelele?

---

Mimi wa basi tena. Kwenye ndege naibeba mkononi, siiweki kwenye begi la chini hata siku moja. Plagi ni zilezile za huku Uingereza, nyingi zinakubali volti 100 mpaka 240, wasiwasi ni umeme kukatika tu, nina betri yake. Kelele kidogo, kama feni ya mbali. Mwambie shemeji arudi chumbani.