Naomba ushauri: mshono wa kujaza unanikunjia kitambaa

Ndugu zangu, nimeanza kujifunza kutarizi kwa mkono yapata miezi mitatu sasa, na ninaomba msaada wa wenye uzoefu, kwa kuwa kuna mahali nimekwama na sitaki kulizoea kosa.

Mshono wa kurudi nyuma nimeshaumudu, na hata mshono wa mnyororo, ambao kila kitanzi hushikwa na kile kinachokifuata, unanitokea vizuri ninapokumbuka kutouvuta uzi kwa nguvu. Taabu yangu ni mshono wa kujaza, yaani ule wa kulaza nyuzi bega kwa bega hadi zifunike jani au ua zima: kingo zinatoka na meno, nyuzi zinapandana, na nikishakitoa kitambaa kwenye fremu kinajikunja, ingawa nilikuwa nimekiwamba kikakaza kama ngozi ya ngoma.

Ninatumia uzi wa pamba wenye nyuzi ndogo 6, nami huzitenganisha na kutarizi kwa 3. Je, nipunguze hadi 2 au hata 1? Je, nishone kwanza mstari wa kurudi nyuma kuuzunguka mchoro kisha nijaze juu yake, na nianzie katikati ya jani au kwenye ncha?

Ningependa pia kujua kama ninyi hurudia mshono mmoja kwenye kitambaa chakavu mpaka mkono uzoee, au hujifunzia kwenye kazi yenyewe. Ninayoiandaa ni foronya ya mama yangu, nami ninatamani sana hata upande wake wa ndani uwe safi.