Kwa nini faru wasikusanywe mapema wazalishwe kama ng'ombe?

jembe_butu
Wakuu naomba shule kidogo. Juzi nimeangalia klipu ya wale majike wawili wa faru weupe wa kaskazini pale hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, Najin na binti yake Fatu, wanakula nyasi huku walinzi wenye bunduki wapo pembeni, nikajiuliza hivi mpaka wanabaki wawili watu walikuwa wapi? Si wangewakamata wakiwa bado wengi, dume na jike zizi moja, wakazaana? Au kuna kitu sikielewi

mtu_wa_pori
Walifanya hivyo hivyo mkuu na matokeo ndo hao. Wote wawili wamezaliwa zuu ya Dvůr Králové kule Cheki, Najin 1989, Fatu 2000, baada ya Fatu kimya. 2009 wakaletwa Kenya pamoja na madume wawili, Suni na Sudan, watu wakitumaini nyika itawachangamsha. Kupandana walipandana, mimba hola. Suni akafa 2014, Sudan 2018.

binti_maji
Hapo kwenye ng'ombe ndo umekosea jembe 😂 Soma habari za faru wa Sumatra, wale wa misitu ya Indonesia na Malaysia, utalia. Kuanzia 1984 walikamatwa kama 40 hivi wa kuzalishwa, wengi wakafa bila kuacha mtoto. Hakuna aliyejua jike yuko tayari siku gani, na ukiwakutanisha siku siyo wanaumizana vibaya. Pale zuu ya Cincinnati Dkt. Terri Roth akawa anampima jike mmoja anaitwa Emi kwa ultrasaundi mara kwa mara, ndo ikajulikana kumbe huyu mnyama yai halitoki mpaka apandwe!! Sasa ukimtenga na dume unasubiri nini? Na hata baada ya kujua hilo Emi akaharibu mimba tano, ikabidi apewe homoni, ndo 2001 akazaliwa Andalas, wa kwanza kutungwa na kuzaliwa kwenye kufugwa baada ya miaka 112. Huyo alipelekwa Sumatra akapata watoto kwenye hifadhi ya Way Kambas.

jembe_butu
Miaka 112 duh. Kwa hiyo shida ni kuchelewa au ni zizi lenyewe?

mtu_wa_pori
Vyote. Jike akikaa miaka bila kushika mimba kizazi kinaota uvimbe, Iman wa Malaysia alikuwa nao, akafa Novemba 2019 miezi michache baada ya dume Tam, na Malaysia ikaishiwa faru wa Sumatra. Halafu chakula nacho, soya na alfalfa (majani ya malisho) zina vitu vinavyojifanya homoni, majike ya faru weupe wa kusini waliozaliwa zuu yalikuwa hayazai vizuri na wanasayansi wa San Diego wakalishuku hilo.

binti_maji
Ndo maana sasa wanavuna mayai ya Fatu wanayapeleka Cremona, Italia, yanarutubishwa na mbegu za madume waliokwishakufa zilizogandishwa. Yai lililorutubishwa, yaani embrio, linapandikizwa kwa jike wa faru weupe wa kusini ambebee. Njia yenyewe ilijaribiwa kwanza kwa embrio ya faru wa kusini, ikashika, ila jike aliyepandikizwa akafa kwa bakteria baada ya mafuriko. Walipompasua wakakuta kijusi dume cha siku 70, sentimita 6.4, kimekaa sawa kabisa.

jembe_butu
Aisee inauma. Na Fatu mwenyewe kwa nini asibebe?

binti_maji
Kizazi chake kina kasoro. Mama yake naye miguu ya nyuma haina nguvu ya kubeba uzito wa mimba, na mimba ya faru ni kama miezi 16.