Fotoseli ya taa ya geti inawasha na kuzima papo hapo, naombeni ushauri

Kiberenge: Wakuu habari za jioni. Nimefunga taa ya LED ya wati 30 getini na fotoseli ya waya tatu, kile kifaa cha kuwasha taa chenyewe giza likiingia. Giza likianza kuingia inawaka, kufumba na kufumbua imezima mpaka asubuhi. Nimebadilisha fotoseli, hali ni ile ile. Nichukue aina gani? Natanguliza shukrani.

Mlalahoi: Weka swichi ya kawaida mkuu. Mkono haujawahi kuharibika.

KobeWaPwani: Sisi Tanga fundi aliifunga chini ya mwembe. Kivuli kikawa kizito, taa inawaka mchana kutwa, Luku inakwisha hatujui inaliwa na nini. Mwembe wenyewe aliupanda marehemu babu, hakuna wa kuukata.

FundiMoto: Fotoseli ikiona mwanga wa taa yake inadhani kumekucha, inazima. Ila hapo ingewaka tena baada ya muda, ingecheza usiku kucha. Yako inazima jumla. Ikizima, umeme wa ndani upo?

Kiberenge: Kwangu upo.

FundiMoto: "Kwangu"? Kwani taa inakula umeme wa nani?

Kiberenge: Waya wa moto, unaoleta umeme, nimeuchukua nyumba ya nyuma, kwa mpangaji, ndiyo iko karibu na geti. Nyutro, ule wa kurudisha umeme, nimeichukua kwangu, waya haukutosha. Taa yenyewe inamulika njia yake pia, na nilipanga kumpunguzia kodi mwezi ujao.

MamaWawili: Ulipanga, yeye anajua? Kutumia Luku ya mtu bila kumwambia ni wizi, hata iwe uniti moja.

Kiberenge: Si wizi dada, nyumba ni yangu.

FundiMoto: Fotoseli zako zote mbili ni nzima. Meni swichi yake ina kitufe cha T? Ile inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Wati 30 kwa volti 230 ni kama miliampia 130. Zinatoka kwake, zinarudi kwako. Nyingi za majumbani hukata tofauti ikifika miliampia 30.

Mzee_wa_Point: Chai hii. Mpangaji umeme unakatika kila jioni asije kugonga mlango? Mods futeni.

Kiberenge: Kitufe kipo. Yuko zamu ya usiku, akirudi asubuhi anaipandisha mwenyewe. Anadhani ni mgao. Nitunge ili nipate nini?

Mzee_wa_Point: Mgao gani unaoshusha meni swichi? Na friji lake?

Kiberenge: Juzi amemwaga samaki.

MamaWawili: Subhanallah. Mlipe samaki wake.

FundiMoto: Tuache samaki kwanza, hapo kuna hatari ya kuua. Ukizima kwako tu, moto wa kwake bado upo kwenye boksi la geti. Ukichomoa nyutro, ile ncha ya upande wa taa nayo inakuwa na moto. Zima meni zote mbili, pima kwa testa, ndipo uguse. Moto na nyutro vitoke meni moja. Kwenye fotoseli nyingi mweusi ni moto unaoingia, mweupe nyutro, mwekundu unakwenda kwenye taa, lakini fuata mchoro wa ubavuni. Jaribu mchana kwa kuifunika na selotepu nyeusi, subiri dakika moja au mbili.

Kiberenge: Ijumaa yuko mapumziko, nitaongea naye. Waya wa 1.5 mm² utatosha?

FundiMoto: Kwa taa hiyo unatosha kabisa. Na moto uhamishie kwako.